Mwenyekiti, Usingoje Siku ya Mizani

Wadogo zangu, hongereni mliochaguliwa kuongoza vikundi. Vigelegele mmepigiwa, picha na afisa maendeleo mmepiga. Leo tuongee kuhusu zile siku zinazofuata, ambazo hakuna anayekuja na kamera.

Waangalieni akina mama wa mwani wa Mlingotini, hapo kusini ya mji wa Bagamoyo. Nawataja wao kwa sababu kazi yao haimvumilii kiongozi wa kuibuka na kupotea. Mwani hukomaa kwa takriban wiki 6. Shamba hufikika kwa miguu siku chache tu, maji ya bamvu yanapokupwa sana, kisha maji mafu yanakuja na mnasubiri mpaka bamvu jingine, wiki mbili mbele. Kosa bamvu moja, na karibu mwezi mzima utapita hujalitia shamba machoni. Ukirudi utakuta kigingi kimeng'oka, kamba imelegea, magugu ya bahari yamejisokotea kwenye mwani na matawi yameanza kuwa meupe. Mwenyekiti anayetokea siku ya mizani anaona kilo zimepungua na anaanza kugomba. Kilo hizo zilianza kupungua wiki nyingi nyuma, yeye hayupo.

Ila shamba si zito kama watu.

Mnajua habari ya mwani aina ya cottonii: bei yake ni nzuri kuliko ya spinosum, lakini maji ya kina kifupi yakipata joto inakufa. Ndiyo maana Mlingotini walijaribu kamba za kuelea kwenye maji marefu zaidi. Huko kunataka chombo na kunataka kujua kuogelea, na wanawake wengi wa pwani hii hawakufundishwa kuogelea. Sasa mfikirie mwanachama anayebaki nyuma maji yakimfika kifuani. Ukimuuliza mbele ya wenzake, atasema ana mafua. Bamvu linalofuata, mtoto anaumwa. La tatu haji kabisa, na kikao kinamwita mvivu. Kiongozi aliye macho angeyaona mafua yale tangu siku ya kwanza, akamfuata pembeni na kumpa kazi ya kufunga mbegu ufukweni au kuanika kwenye vichanja. Kikundi kisingempoteza mtu.

Najua mtaniambia, dada, mbona tunao uongozi, tuna katiba na kundi la WhatsApp? Vyote vizuri. Lakini nimeviona vikundi vinavyochangamka fomu za mkopo wa asilimia 10 wa halmashauri zikitoka, ile 4 ya wanawake, 4 ya vijana na 2 ya watu wenye ulemavu. Vikao kila siku, mahudhurio kamili. Pesa ikishaingia, mwenyekiti haonekani mpaka marejesho yanapokwama. Inaniuma, kwa sababu watu wanajifunza haraka kwamba kuitwa ni ama kusaini ama kusutwa. Wakishajifunza hivyo, hawakuletei tena tatizo likiwa bado dogo.

Kwa hiyo usijipe ahadi kubwa. Kila bamvu fika mapema kidogo kabla ya kuingia majini, toa shikamoo zako kwa waliokuzidi, kisha uliza swali linaloonyesha unakumbuka: ile kamba uliyosema inakatika, umepata nyingine? Mama ameruhusiwa hospitali? Jibu ukiogopa kulisahau, liandike kwenye daftari. Wale wachapakazi wasiolalamika nao waulize, maana hao ndio wanaosahaulika kirahisi, na siku wakichoka huondoka bila kuaga. Wala usiwasimamie watu vichwani. Mtu mzima akifunga tai-tai zake, vile vikamba vya kushikizia mwani, hahitaji kuhesabiwa mafundo.

Na mkiwa wajawazito, au mkipata safari ya kwenda Dar, msimwachie makamu ufunguo wa sanduku tu. Mkalishe, umpe na daftari, umweleze nani ana mgonjwa nyumbani, nani anaogopa maji marefu, na nani hajasema neno tangu bamvu lililopita.