NENO "SORRY": NI POLE AU NI NISAMEHE?

Najua utauliza: neno la Kiingereza latafuta nini katika jarida letu? Usiwe na haraka. Neno lenyewe tunalo midomoni tangu kengele ya alfajiri hadi taa za bweni zizimwapo. Ukimkanyaga mwenzako katika foleni ya uji, "sori". Ukisikia kwamba ana malaria, "sori". Mwalimu akiangusha chaki, darasa zima, "Sori, mwalimu!" Neno moja, kazi tatu. Katika makala haya nitaeleza limetoka wapi, wenyewe hulitumiaje, na jinsi lilivyonikosanisha na rafiki yangu.

Kisa cha ngazi za maktaba

Nilipokuwa Kidato cha Pili, tulitembelewa na mama mmoja Mwingereza aliyekuja kutuletea vitabu. Mvua ilikuwa imenyesha na ngazi za maktaba zilikuwa zinateleza. Mama wa watu akateleza, akaketi kitako, vitabu vikatawanyika. Mimi nilikuwa hatua kama kumi hivi kutoka hapo. Nikatoka mbio huku nikisema, "Sorry, madam! Sorry!"

Aliinuka, akajipangusa sketi, akaniambia kwa tabasamu nisijilaumu, kwani si mimi niliyemwangusha. Nikabaki nimeduwaa. Ai! Nani amesema nimemwangusha? Mimi nilikuwa nampa pole tu!

Jioni nilimweleza mwalimu wetu wa Kiswahili kisa hicho. Alicheka hadi akavua miwani. "Mwanangu," akasema, "leo umesema Kiswahili kwa neno la Kiingereza." Maneno hayo yalinikaa kichwani. Ndipo nikaanza kulichunguza neno hili.

Asili ya neno

"Sorry" ni neno la kale sana katika Kiingereza. Halikukopwa Kilatini wala Kifaransa, kama yalivyokopwa maneno mengi ya lugha hiyo. Katika Kiingereza cha Kale, kilichozungumzwa kabla ya mwaka 1100 hivi, lilikuwa "sarig", lenye maana ya mtu aliyejaa uchungu. Nalo lilitokana na "sar", yaani maumivu. Hilo "sar" ndilo leo "sore", neno tunalolijua sote kila tunapokwenda kwa muuguzi kumwambia kwamba koo linauma. Ndugu zake wako hata ng'ambo ya bahari: katika Kiswidi "sår" ni kidonda, na katika Kiholanzi "zeer" ni maumivu.

Hapa pana mtego, msomaji. Wengi wetu hudhani kwamba "sorry" limezaliwa na "sorrow", yaani huzuni. La hasha! "Sorrow" limetoka katika neno jingine kabisa, "sorg", lililokuwa na maana ya huzuni na wasiwasi. Maneno hayo mawili yalikaa jirani karne nyingi, na sauti ya moja ikamwambukiza mwenzake, hata "sarig" likaacha "a" na kuchukua "o". Yanafanana sura, lakini hayakunyonya ziwa moja.

Kwa hiyo katika mizizi yake "sorry" halikuwa neno la kuomba msamaha. Lilikuwa neno la kusema: nina kidonda moyoni. Maana ya kuomba radhi ilikuja baadaye, kwa kuwa mtu aliyekosa na kujutia huumwa moyoni.

Matumizi yake

Leo wenye lugha hulitumia neno hili kwa njia kadhaa:

(a) Kuomba radhi. Mtu amekukanyaga, naye anakiri.

(b) Kushiriki msiba wa mwingine. Hapa Waingereza hupenda kulifafanua: husema wanasikitika kusikia habari fulani. Wakilitamka peke yake pale mtu anapojikwaa, wengi hulichukua kama kukiri kosa. Ndiyo sababu yule mama alinitoa hatiani kabla sijashtakiwa.

(c) Kuomba mtu arudie alilosema. Mwingereza husema "Sorry?" kwa sauti ya kupanda, sisi husema "Umesemaje?" au "Ati?"

(d) Kueleza hali duni. Nyumba iliyobomoka husemwa iko katika hali ya "sorry". Si kwamba nyumba inaomba msamaha, inatia huruma.

Kumbuka pia kwamba ni kivumishi, si kitenzi. Anayeumwa moyo ni msemaji. Neno hili latueleza hali yake yeye. Halisemi ni nani aliyetenda kosa.

Kiswahili chetu kimeyagawa

Sasa tuje nyumbani. Lugha yetu ina chumba cha pole na chumba cha msamaha, na kati yake pana ukuta.

"Pole" ni ndugu wa mpole, upole na polepole. Tena lina undugu na kupoa. Sikiliza wazee wanavyojibizana: mmoja asema "Pole!" na mwenzake hujibu "Nimeshapoa." Kwa hiyo pole ni kama maji baridi unayomwagia mwenzako palipoungua. Wakiwa wengi utawaambia "poleni". Huhitaji kuwa na kosa ili utoe pole. Huitoa hata kwa mtu aliyetoka safari au aliyeshinda shambani akilima.

"Samahani" na "nisamehe" yametoka katika Kiarabu, katika neno lenye maana ya kusamehe. "Niwie radhi" nalo lina Kiarabu ndani yake, kwani radhi ni kuridhika. Ukisema "nisamehe" umekiri kwamba kuna deni, na kwamba mwenye kulifuta ni mwenzako, si wewe.

Basi sisi Wakenya tulipolichukua "sorry", tulilitia katika chumba cha pole. Wala si aibu! Tukiangalia asili yake ya kidonda, matumizi yetu yako karibu na mizizi. Hata wenyeji asilia wa Australia, wanapozungumza Kiingereza, huita kipindi cha msiba na matanga "sorry business". Shida huja pale tunapobeba neno la pole na kuliweka mahali pa msamaha.

Jinsi lilivyoniponza

Mwaka uliofuata niliazima kamusi ya jirani yangu wa dawati. Dada yake alikuwa amemnunulia kwa fedha za kibarua. Niliisoma, nikaiacha dirishani, usiku ikanyesha. Asubuhi kamusi ilikuwa imevimba kama andazi. Nilimkuta akinywa chai, nikamwambia, "Sori bwana, kamusi imenyeshewa," kisha nikaketi kula mkate wangu.

Wiki mbili hakunisemesha, na dawati ni moja. Nilimwona ana kiburi. Siku moja nikamuuliza, "Kwani mimi si nilikwambia sori?" Akanijibu taratibu, "Ulinipa pole kama mpita njia. Kamusi imenyeshewa, ulisema. Iliachwa dirishani na nani?"

Sikuwa na jibu. Usiku huo sikusoma kitu. Kesho yake nilimwita kando, nikasema, "Niliiacha dirishani mimi. Kosa ni langu. Nisamehe." Maneno yenyewe mafupi, lakini kuyatoa kulikuwa kama kung'oa jino. Tukakaa pamoja tukitenganisha kurasa moja moja na kuzianika juani. Likizoni nilifanya kazi ya kuchuma chai nikanunua kamusi nyingine. "Nimekusamehe," aliniambia, "lakini ile ya zamani naiweka. Dada yangu aliandika jina lake ndani."

Mataifa nayo hujikwaa hapo hapo

Usidhani ni mambo ya watoto wa shule tu. Huko Australia, serikali kwa miaka mingi iliwatenga watoto wa wenyeji asilia na wazazi wao. Mwaka 1999 bunge lilipitisha hoja iliyotaja majuto, bila kuomba msamaha. Wengi hawakuridhika. Tarehe 13 Februari 2008, Waziri Mkuu Kevin Rudd alisimama bungeni akataja sheria na sera za serikali na mabunge yaliyotangulia, akaomba msamaha kwa ajili yake, na akasema "sorry" waziwazi. Neno likapata uzito kwa sababu lilitajwa pamoja na tendo.

Na hapa kwetu? Kati ya 1952 na 1960, wakati wa hali ya hatari, watu wetu wengi walifungwa kambini na kuteswa. Mwezi Juni 2013, Waziri wa Mambo ya Nje wa Uingereza, William Hague, alilieleza bunge lao kwamba serikali inajutia mateso hayo, na fidia ya pauni milioni 19.9 ikakubaliwa kwa walalamikaji 5,228. Hata hivyo, serikali hiyo iliendelea kukana dhima kisheria. Kisha tarehe 31 Oktoba 2023, Mfalme Charles wa Tatu, akihutubia dhifa katika Ikulu ya Nairobi, alikiri kwamba maovu yalitendeka na hayana udhuru. Alitumia neno "sorrow", akatumia na la majuto. Neno la kuomba msamaha hakulitamka, ingawa watetezi wa haki za binadamu walikuwa wamelidai.

Wewe uliyesoma hadi hapa waweza kupima mwenyewe. Alichotupa mgeni wetu kwa Kiswahili ni pole. Pole ni kitu chema, na mwenye kuitoa ashukuriwe. Lakini mzee aliyetoka kambini na makovu alikuwa anangojea neno la chumba cha pili.

Zoezi

Jaza pengo kwa pole, samahani au nisamehe, kisha mjadiliane na mwenzako:

1. ______ kwa kufiwa na nyanya yako.
2. ______ mwalimu, naomba kuuliza swali.
3. ______, ni mimi niliyevunja rula yako.
4. ______ kwa safari ndefu, wageni wetu. (Angalia wingi!)

Tamati

Wanachama wenzangu, sisemi tuache kusema "sori". Lugha hukopeshana, na neno hili limeshazoea ugali wetu. Ninachoomba ni kwamba unapomkosea mtu, ujiulize kwanza: je, nampa pole, au namwomba msamaha? Wahenga walisema, heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi. Mimi nimejikwaa ulimi mara mbili, nawe sasa umeonywa.

Iwapo nimekuchosha, pole. Iwapo nimekosea mahali, nisamehe.