Mafuta ya Taa na Safari ya Mwezini

Mtu akaaye Kiganjo huyajua vema mafuta ya taa, na jinsi yawakavyo kwa utulivu ndani ya chemni. Lakini aupandapo Mlima Kenya kwa njia ya Naro Moru huona ya kuwa kadiri aendavyo juu hewa hupungua: pumzi humpaa, na moto huwaka kwa unyonge. Kileleni, mita 5,199, hewa ni karibu nusu tu ya ile ya pwani. Na mwezini haipo kabisa. Moto utawakaje huko?

Roketi hujichukulia hewa yake. Saturn V ya Marekani, iliyowainua watu wa Apollo 11 tarehe 16 Julai 1969, ilikuwa na injini tano chini yake, ziitwazo F-1. Zilichoma mafuta ya taa yaliyosafishwa sana, pamoja na oksijeni, yaani ile sehemu ya hewa iutiayo moto nguvu, iliyopozwa hata ikawa majimaji. (Roketi za Scout, zilizorushwa baharini karibu na Malindi tangu 1967 hata 1988, zilibeba kitu kikavu mfano wa baruti, wala hazikuhitaji pampu.) Pampu ya F-1 moja ilikuwa na nguvu za farasi 55,000, nayo ilisukuma karibu tani mbili na nusu kila sekunde. Ili kuta za injini zisiyeyuke, mafuta yalipitishwa kwanza katika mirija iliyozizunguka, kama maji yapozavyo injini ya lori.

Kuuwasha moto huo kulikuwa kazi, lakini kuutuliza kulikuwa kazi kubwa zaidi. Mwali uliweza kuanza kutikisika wenyewe, mamia ya mara kwa sekunde, na kuipasua injini. Tarehe 28 Juni 1962 injini moja iliharibika hivyo katika majaribio. Mafundi wakajenga kuta fupi za shaba juu ya sahani inyunyizayo mafuta, wakaugawa moto katika vyumba 13. Kisha, jambo la kushangaza, wakalipua kombora dogo kwa makusudi ndani ya injini iwakayo, ili waone kama mwali utatulia. Ulitulia kabla ya sehemu ya kumi ya sekunde kupita.

Tangu 1967 hata 1973 injini 65 za F-1 ziliruka. Kila safari zilifanya kazi dakika mbili na nusu hivi, hata kilomita 60 na zaidi juu ya nchi, wala hakuna hata moja iliyoharibika njiani.