MTULA: KUHUSISHA UMBO LA MMEA NA KAZI YAKE

Mtula ni kichaka cha porini kinachoota kando ya barabara, kwenye mashamba yaliyoachwa na katika malisho yaliyochakaa. Sehemu nyingine huitwa mtunguja, na matunda yake ya manjano hujulikana na wengi kama ndulele. Mtahiniwa anaweza kupewa tawi lake katika mtihani wa vitendo. Wengi hutaja sifa zake vizuri lakini hawaelezi kazi za sifa hizo, hivyo hupata nusu ya alama. Kwa kila sifa, jiulize: inausaidiaje mmea kuishi?

TAHADHARI: Usionje tunda wala jani. Mtula una alkaloidi zenye sumu zinazoweza kusababisha kutapika na kuhara. Nawa mikono baada ya kuchunguza kielelezo.

1. Uainishaji

Himaya: Plantae
Divisheni: Angiospermophyta
Ngeli: Dicotyledoneae
Familia: Solanaceae
Jenasi: Solanum
Spishi: Solanum incanum

Hilo ndilo jina lililozoeleka vitabuni. Siku hizi wataalamu huiweka mitula mingi ya Afrika Mashariki katika spishi ya karibu, Solanum campylacanthum. Ukiandika kwa mkono, anza jenasi kwa herufi kubwa, spishi kwa herufi ndogo, kisha pigia mstari majina yote mawili.

Ndugu zake katika familia hii ni nyanya, bilinganya, kiazi mviringo, mnavu, pilipili na tumbaku.

2. Shina, mizizi na majani

(a) Mtula ni mmea wa kudumu, yaani huishi zaidi ya miaka miwili. Ukifyekwa, huchipua tena kutoka sehemu zilizobaki ardhini.

(b) Shina na mishipa mikuu ya majani huwa na miiba. Miiba hii hutokana na ngozi ya nje ya mmea na haina zailemu wala floemu. Kazi yake ni kuzuia wanyama wasile mmea. Usiifananishe na mwiba wa mlimau, ambao ni tawi lililobadilika umbo na hutokea kwenye kwapa la jani.

(c) Majani ni sahili, hupangika kwa kupishana, na kingo zake zina mawimbi. Yamefunikwa na vinyweleo vyenye umbo la nyota. Vinyweleo hivyo hunasa hewa yenye unyevu karibu na jani na hivyo kupunguza upotevu wa maji. Ndivyo vinavyolipa jani rangi ya kijivu, hasa upande wa chini. Neno la Kilatini *incanum* lina maana ya chenye mvi.

3. Ua

Ua lina sepali 5, petali 5 za zambarau zilizoungana, na stameni 5 zenye vifuko vya chavua vya manjano. Ovari iko juu ya sehemu nyingine za ua, na ina kapeli mbili zilizoungana.

Vifuko vya chavua havipasuki kwa urefu. Hutoa chavua kupitia vitundu vidogo vilivyo nchani. Nyuki wakubwa weusi wanaotoboa mbao hushika vifuko hivyo na kutetemesha misuli ya mabawa, chavua ikadondoka kama chumvi kutoka kwenye kopo lenye matundu. Nyuki wa asali hawawezi kufanya hivyo.

4. Tunda na usambazaji wa mbegu

Tunda ni beri: lina nyama na mbegu nyingi bapa. Likiwa changa huwa la kijani lenye michirizi myeupe. Likiiva huwa la manjano. Rangi hiyo huonekana kwa urahisi na wanyama wanaokula matunda. Utafiti uliofanyika Laikipia, Kenya, ulionyesha kuwa tembo na swala pala hula matunda ya mtula kwa wingi. Mbegu zinazopita salama tumboni hutoka na kinyesi mbali na mmea mzazi.

5. Makosa ya kuepuka

- Kusema ndulele si beri kwa sababu hailiwi na watu. Aina ya tunda huamuliwa na umbile lake.
- Kuandika "mmea una miiba" bila kutaja kazi ya miiba.
- Kusema petali zimeachana. Vuta korola taratibu: hutoka ikiwa kipande kimoja.

6. Swali la mfano

Mfugaji alifyeka mitula yote katika malisho yake. Msimu uliofuata ilikuwa mingi kuliko majani ya kulisha ng'ombe.
(a) Eleza kwa nini mitula ilirudi. (alama 2)
(b) Eleza kwa nini huongezeka pale mifugo inapozidi. (alama 2)
(c) Taja njia bora ya kuiondoa. (alama 1)

Majibu

(a) Mtula ni mmea wa kudumu (1). Sehemu zilizobaki ardhini huchipua tena (1).
(b) Mifugo huuepuka kwa sababu ya miiba na sumu (1). Nyasi zinapokwisha kuliwa, mtula hupata nafasi, maji na mwanga bila ushindani (1).
(c) Kung'oa pamoja na mizizi kabla matunda hayajaiva (1).

Zoezi: Chukua ua la mnyanya na la mtula. Taja mambo matatu yanayofanana na moja linalotofautiana.