Namba Mguuni mwa Ndege



Suratul-Mulk, aya ya 19, inatutaka tuwatazame ndege walio juu yetu. Mimi ninasoma biolojia, na katika somo hili nataka tuone jinsi kutazama kunavyogeuka kuwa elimu.

Mwaka 1933, Ronald Lockley alianzisha kituo cha kuchunguza ndege katika kisiwa kidogo cha Skokholm, Wales. Huko huzaliana shiawota, ndege wa baharini anayetaga yai moja ndani ya shimo. Hurudi nchi kavu usiku, kwa kuwa mchana shakwe humwua. Gizani, kati ya maelfu ya ndege wanaofanana, utamjuaje mmoja? Kwa pete nyepesi mguuni yenye namba, na namba hiyohiyo daftarini.

Mwaka 1952 shiawota mmoja wa Skokholm alipelekwa Boston, Marekani, akaachiwa huko. Baada ya siku 12 na nusu hivi alikutwa tena kisiwani, amevuka bahari ya Atlantiki, karibu kilomita 5,000. Bila ile namba, angekuwa ndege mmoja tu ndani ya shimo.

Katika visiwa vya Copeland, Ireland ya Kaskazini, shiawota mwingine alivishwa pete mwaka 1953 akiwa tayari mkubwa. Mwaka 2003 alinaswa tena, yu hai. Miaka 50! Tusingeujua umri huo kama aliyeshika daftari mwaka 1953 angebuni tarakimu moja tu.

Nayasema haya kwa sababu wengi wetu tuko katika utafiti wa mwaka wa mwisho. Wapo wanaojaza hojaji wenyewe chumbani, au wanaoandika vipimo ambavyo hawakupima, kwa kuwa tarehe ya kukabidhi imekaribia na msimamizi hatakwenda kuhakiki. Tumezoea kuita jambo hilo kupika takwimu, tukacheka. Lakini takwimu ni amana. Atakayekuja baada yako atajenga juu yake, pengine dawa, pengine daraja, na hatakuwa na njia ya kujua kwamba msingi ni uongo.

Basi tushike mambo matatu. Andika ulichokiona siku hiyohiyo, si kwa kukumbuka. Ukienda usipate kitu, andika sifuri. Sifuri nayo ni jibu. Na ukiishiwa na muda, mwambie msimamizi wako una sampuli 30 badala ya 50. Sampuli 30 za kweli zinatosha kuanzia.