Fungu la Mfanyakazi Katika Mfuko

Mwezi huu twataka kutazama jambo la mishahara, maana sharika zetu nazo ni waajiri. Mlinzi, mpishi wa shule, mwuguzi wa zahanati, karani: hao wote hula kwa kazi waifanyayo kwetu. Wengi hudhani ya kuwa mshahara ukiisha kutolewa mwisho wa mwezi, deni limekwisha. Kwa sheria halijaisha.

Katika Tanzania mfuko wa akiba ya wafanyakazi uliwekwa kwa sheria ya mwaka 1964. Nayo sheria ya mwaka 1997 ikaleta Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii, yaani NSSF. Katika kila shilingi 100 za mshahara yampasa mwajiri kupeleka shilingi 20. Aweza kukata 10 katika mshahara. 10 nyingine ni zake mwenyewe, wala hana ruhusa kumtoza mtumishi. Mtu apataye shilingi 400,000 atakatwa 40,000, na mwajiri ataongeza 40,000.

Hapo pana jambo la kusikitisha. Wako waajiri wazikatao zile 40,000 kila mwezi, wasizipeleke. Husema, “Tumepungukiwa, tutalipa wakati wa mavuno.” Lakini fedha iliyokwisha katwa si ya mwajiri tena, ameishika kama amana. Atumiaye amana ya mtu bila kumwuliza, sote twajua jina la tendo lake.

Na hasara yake haionekani upesi. Ili mzee apate pensheni ya kila mwezi, michango yake haina budi kufika miezi 180, ndiyo miaka 15. Tuseme mlinzi amelinda miaka 16, yaani miezi 192, na katika hiyo mwajiri hakupeleka miezi 14. Imebaki 178. Kwa miezi miwili tu mzee huyo atapewa fedha mara moja, kisha basi, hata kama ataishi miaka 20 tena.

Kwa ugonjwa, sheria ya mwaka 1999 iliweka Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, ikaanza na watumishi wa serikali: 3 katika 100 kwa mtumishi, 3 kwa mwajiri. Mfuko wa wanaoumia kazini hulipiwa na mwajiri peke yake. Desturi hii si ya jana. Ujerumani iliweka sheria ya bima ya wagonjwa mwaka 1883, na ya wazee mwaka 1889, ingawa mzee alingoja hata atimize miaka 70!

Basi mhazini na aziweke stakabadhi za kila mwezi mahali pa kuonekana. Naye mtumishi aende NSSF kuomba taarifa ya michango yake, na akiona mwezi umekosekana aulize mara moja. Mwezi mmoja hutafutwa kwa urahisi. Lakini miezi 14 ya zamani, pengine vitabu vyake vimekwisha liwa na mchwa.