Visanamu vya Michezo ya Mezani: Mahali pa Kununua na Namna ya Kulinda Fedha Yako

Madhumuni ya somo

Baada ya kulisoma somo hili, mlaji ataweza:

(a) kutambua aina za visanamu vya michezo ya mezani na kuvikagua kabla ya kulipa;
(b) kulinganisha mahali mbalimbali pa kununua, akiwa Dodoma au katika mikoa jirani;
(c) kukadiria gharama kamili ya kisanamu kinachoagizwa kutoka nje ya nchi;
(d) kutunza ushahidi wa manunuzi na kujua pa kupeleka malalamiko.

1. Bidhaa yenyewe

Bao, drafti na karata ni michezo iliyozoeleka barazani na vijiweni. Pamoja nayo ipo michezo ya mezani ya kuigiza, ambamo kila mchezaji huchukua nafsi ya mhusika mmoja, mwongozaji husimulia kisa, na dadu huamua kama jambo alilokusudia mhusika limefanikiwa au limeshindikana. Mchezo mashuhuri zaidi wa aina hii, Dungeons & Dragons, ulichapishwa kwa mara ya kwanza nchini Marekani mwaka 1974.

Visanamu huwekwa mezani ili kuonyesha kila mhusika amesimama wapi. Vingi vina kimo cha milimita 28 hadi 32, na husimama juu ya kitako chenye upana wa milimita 25 hivi, kinachotosha ndani ya mraba wa inchi moja uliochorwa kwenye ubao wa mchezo. Hutengenezwa kwa plastiki, rezini, madini au mbao.

Mlaji na ajiulize kwanza kama anahitaji kununua. Mchezo huu huweza kuchezwa kwa vizibo vya soda, kokoto au kete za bao, kama ambavyo drafti huchezwa kwa vizibo bila kupungukiwa na chochote. Anayeanza kucheza hana haja ya kununua seti nzima. Kisanamu kimoja cha mhusika wake kinatosha, na vingine vitafuata atakapokuwa na hakika kwamba mchezo wenyewe unamfaa.

2. Mfano wa kujifunzia

Tuchukue mfano wa kufikirika. Mwanafunzi wa chuo jijini Dodoma anaona tangazo katika mtandao wa kijamii. Picha inaonyesha visanamu kumi na viwili vilivyopakwa rangi kwa ustadi, bei ni shilingi 90,000, na mzigo utatumwa kwa basi. Anatuma fedha yote kwenye namba ya simu ya mtu binafsi. Baada ya wiki mbili anapokea kisanduku. Ndani yake mna fremu za plastiki ya kijivu zenye vipande vya visanamu vitano, visivyounganishwa wala kupakwa rangi, na kimoja hakina mkono. Anapompigia muuzaji, simu haipatikani.

Mwanafunzi huyu amepata hasara kwa sababu tatu. Hakujua anamlipa nani, hakuandikiwa anauziwa nini, na hakubakiwa na uthibitisho unaomtaja muuzaji kwa jina la biashara. Kutokana na mfano huu tunapata kanuni kuu ya somo: mahali pazuri pa kununua ni pale ambapo muuzaji anaweza kupatikana tena baada ya kupokea fedha. Bei nafuu haiwezi kuwa badala ya kanuni hii.

3. Mahali pa kununua

*3.1 Madukani na sokoni.* Visanamu vilivyotengenezwa mahususi kwa michezo ya kuigiza ni adimu katika maduka ya kawaida. Hata hivyo, katika maduka ya vitu vya watoto na vya shule, na katika masoko kama Majengo, Sabasaba na Soko la Wazi la Machinga, mlaji huweza kupata wanyama wadogo wa plastiki, askari wa kuchezea na seti za sataranji, vinavyofaa kutumika mezani. Faida ya kununua hapa ni kwamba bidhaa huonwa na kushikwa kabla ya kulipiwa. Hesabu vipande mbele ya muuzaji: sataranji ina vipande 32, drafti ya miraba 64 ina kete 24, na bao la Kiswahili lina mashimo 32 na kete 64. Chukua rula upime kitako, kwa maana kisanamu kisichotosha ndani ya mraba hakitakufaa hata kikiwa kizuri kwa sura.

*3.2 Kwa mchongaji.* Nchi yetu ina utamaduni mkubwa wa uchongaji, hasa ule wa Wamakonde, na eneo la Mwenge jijini Dar es Salaam linajulikana kwa wachongaji na wauzaji wa vinyago. Kwa mkazi wa Dodoma, kumwagizia mchongaji kazi ni njia inayompatia mhusika asiyepatikana dukani: mchungaji mwenye fimbo na ng'ombe wake, mpiga zeze wa Kigogo, au simba mwenye manyoya shingoni.

Mambo manne yazingatiwe. Kwanza, agiza kisanamu kimoja cha mfano kabla ya kuagiza kumi. Chini ya Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 214, bidhaa inayouzwa kwa sampuli inapaswa kulingana na sampuli hiyo. Kwa sababu hiyo, kitunze kisanamu cha kwanza ili kiwe kipimo cha vinavyofuata. Pili, andikianeni kimo, aina ya mti, idadi, bei na tarehe ya kukabidhi, na malipo ya awali yasizidi nusu. Tatu, ukiuziwa mpingo, hakikisha ni mpingo. Mti huu ni mzito kiasi cha kuzama majini, na sehemu yake ya nje, iliyo jirani na ganda, ina rangi ya manjano hafifu. Sugua kinyago kwa kitambaa cheupe chenye unyevu. Kitambaa kikitoka na weusi, yamkini huo ni mti mwingine uliopakwa rangi au dawa ya viatu. Nne, uliza kama mti ulikaushwa vya kutosha. Hewa ya Dodoma ni kavu, hasa wakati wa kiangazi kati ya Mei na Novemba, na kinyago kilichochongwa katika unyevu wa pwani huweza kupasuka kinapofika huku. Kiweke mbali na jua na upepo katika wiki za mwanzo.

*3.3 Kwenye karakana yenye printa ya 3D.* Printa hii hujenga kitu tabaka kwa tabaka kutokana na mchoro wa kompyuta. Kwa kisanamu chenye kimo cha milimita 28, printa ya rezini hutoa uso na vidole vinavyoonekana vyema, ilhali printa ya plastiki ya uzi huacha mistari na hufaa zaidi kwa vitu vikubwa kama nyumba, miamba na kuta. Omba kuona kazi iliyokwisha kuchapwa na mashine hiyohiyo. Gusa kisanamu: rezini iliyoiva vyema hainati. Ikinata, usiipokee, kwa kuwa rezini mbichi hudhuru ngozi. Uliza pia mchoro umetoka wapi. Michoro hulindwa na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, na fundi mwaminifu ataeleza kama ameununua, ameuchora mwenyewe, au ameupata kwa ruhusa ya mwenye kazi.

*3.4 Kuagiza kutoka nje ya nchi.* Hapa chaguo ni pana kuliko kwingine, lakini bei inayoonekana kwenye skrini siyo bei ya mwisho. Ushuru wa forodha hukokotolewa juu ya thamani ya bidhaa pamoja na bima na usafirishaji. Katika Jumuiya ya Afrika Mashariki, bidhaa nyingi zilizokamilika hutozwa ushuru wa asilimia 25. Juu ya jumla hiyo huongezwa Kodi ya Ongezeko la Thamani ya asilimia 18. Tazama hesabu hii:

- Visanamu: shilingi 100,000
- Usafirishaji na bima: shilingi 60,000
- Jumla ya kukokotolea ushuru: shilingi 160,000
- Ushuru, asilimia 25: shilingi 40,000
- Jumla ya kukokotolea VAT: shilingi 200,000
- VAT, asilimia 18: shilingi 36,000
- Gharama kabla ya tozo nyingine: shilingi 236,000

Kilichoonekana kuwa cha laki moja kimepita laki mbili na thelathini elfu. Kabla ya kuagiza, uliza Mamlaka ya Mapato Tanzania kuhusu kiwango na tozo zinazohusu bidhaa yako, kisha uulize kampuni ya usafirishaji au Shirika la Posta gharama ya kuufikisha mzigo Dodoma. Marafiki kadhaa wakiagiza pamoja, hugawana gharama ya usafirishaji. Waandike mapema nani amechangia kiasi gani na nani atapokea nini.

*3.5 Kwa muuzaji wa mtandaoni aliye nchini.* Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 ina masharti ya kumlinda mlaji anayenunua kwa njia hii. Muuzaji anayestahili kuaminiwa hutaja jina lake kamili, mahali alipo na bei kamili bila kulazimishwa. Mwombe picha mpya ya kisanamu chenyewe kando ya rula, siyo picha ya kwenye boksi. Muulize kwa maandishi maswali matatu: Je, kimeunganishwa? Je, kimepakwa rangi? Je, kitako kimo? Visanamu vingi huuzwa vikiwa vipande vya kijivu vinavyohitaji gundi, brashi na rangi, ingawa boksi huonyesha kazi iliyokamilika. Gharama ya vifaa hivyo huweza kufikia au kuzidi bei ya kisanamu.

4. Malipo na ushahidi

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Mlaji azingatie yafuatayo:

1. Lipa kwa Lipa Namba ya biashara badala ya namba ya mtu binafsi. Kabla ya kuthibitisha, soma jina linalojitokeza. Lisipolingana na jina la duka, sitisha malipo.
2. Pale inapowezekana, lipa sehemu kwanza na kilichobaki baada ya kukagua bidhaa.
3. Dai risiti ya EFD. Risiti hiyo huonyesha jina la muuzaji na namba yake ya utambulisho wa mlipakodi, na huweza kuhakikiwa. Kwa mfanyabiashara mdogo asiyelazimika kuwa na mashine, dai stakabadhi ya mkono yenye jina, simu, tarehe, idadi na maelezo ya bidhaa. Neno "vitu" peke yake si maelezo.
4. Mzigo ukija kwa basi, tunza stakabadhi ya mzigo, na ufungue kisanduku hukohuko ofisini mbele ya shahidi huku ukipiga picha.
5. Hifadhi ujumbe wa malipo, tangazo la awali na mazungumzo yote. Matangazo ya mtandaoni hufutwa, kwa hiyo piga picha ya skrini siku unayonunua.

5. Usalama wa watoto

Visanamu vya aina hii vimekusudiwa wachezaji wakubwa. Panga, mikuki na vitako vidogo huweza kumkaba mtoto. Kipimo kinachotumika kimataifa kwa vitu vya watoto walio chini ya miaka mitatu ni kopo lenye kipenyo cha milimita 31.7: kipande kinachozama chote ndani yake ni cha hatari kwa umri huo. Visanamu vingi huzama. Vifungie mahali pa juu, na uvihesabu mchezo unapokwisha. Jihadhari pia na visanamu vikuukuu vya madini, kwani vingi vilitengenezwa kwa mchanganyiko wenye risasi. Mtoto asivitie mdomoni, na anayevikwangua au kuvipiga msasa asifanye hivyo jikoni.

6. Ukipata hasara

Chukua hatua kwa mfuatano huu:

- Muuzaji. Mwandikie mara moja, ukitaja kasoro na unachodai: kubadilishiwa, kutengenezewa au kurudishiwa fedha. Bidhaa iliyouzwa kwa maelezo inapaswa kulingana na maelezo hayo.
- Mtoa huduma za simu. Ukigundua umetapeliwa, mpigie bila kuchelewa, maana fedha ambayo haijatolewa huwa rahisi kuzuiwa. Ujumbe na namba za matapeli huripotiwa kwa kutuma kwenda 15040.
- Polisi. Utapeli wa mtandaoni ni kosa la jinai. Nenda na ushahidi wote uliohifadhi.
- Tume ya Ushindani. Hupokea malalamiko kuhusu udanganyifu dhidi ya mlaji, chini ya Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, na pia malalamiko kuhusu bidhaa bandia.
- Shirika la Viwango Tanzania. Hushughulikia bidhaa zisizokidhi viwango vya ubora na usalama.

Mlaji asione haya kulalamika kwa sababu ya kitu cha mchezo. Shilingi 90,000 za mwanafunzi ni chakula cha siku nyingi, na tapeli asiyeripotiwa leo atamuuzia mwingine kesho.

Maswali ya kujipima

1. Taja mambo matatu yaliyomletea hasara mwanafunzi katika mfano wa sehemu ya 2. Angefanya nini kabla ya kulipa?
2. Kisanamu kinauzwa ng'ambo kwa shilingi 50,000, na usafirishaji pamoja na bima ni shilingi 30,000. Kokotoa gharama kabla ya tozo nyingine, kwa ushuru wa asilimia 25 na VAT ya asilimia 18. (Jibu: shilingi 118,000.)
3. Utatambuaje kinyago cha mpingo wa kweli?
4. Tazama kitu cha mwisho ulichonunua mtandaoni. Je, leo hii unaweza kumpata aliyekuuzia? Kama huwezi, utabadilisha nini katika manunuzi yajayo?