Mdalasini, karafuu na mgonjwa wa kisukari

Kwenye meza za viungo katika soko la Mwanga, mjini Kigoma, si kila anayenunua mdalasini anawaza pilau. Wapo wanaotafuta dawa ya kisukari. Habari kwamba viungo vyenye harufu hushusha sukari zimeenea, na hazikutoka hewani.

Mdalasini unanukia kwa sababu ya kemikali iitwayo sinamaldehaidi, na karafuu kwa sababu ya eugenoli. Zote mbili zimejaribiwa kwa panya wenye kisukari, na katika majaribio kadhaa sukari yao ilishuka. Maabara imeonyesha pia kwamba eugenoli huzuia baadhi ya vimeng'enya vinavyovunja wanga kuwa sukari. Kwa sisi ambao sahani yetu ni ugali wa muhogo na dagaa, jambo hilo lina uzito.

Tena mimea imeshatupa dawa za kisukari. Metformini, kidonge ambacho wagonjwa wengi huanzishiwa, chanzo chake ni mmea wa Ulaya uitwao galega. Mmea wenyewe ni sumu, huua kondoo. Wanakemia walitengeneza kitu kinachofanana na kemikali yake lakini salama zaidi, na mwaka 1957 daktari Mfaransa Jean Sterne akatangaza matokeo yake kwa wagonjwa. Kati ya jani na kidonge kulikuwa na kazi ya miaka mingi ya kupima kiasi na madhara.

Mdalasini haujafika huko. Mwaka 2003 watafiti wa Pakistan waliwapa wagonjwa gramu 1, 3 au 6 kwa siku kwa siku 40, na sukari ikapungua. Utafiti huo ulihusisha watu 60 tu. Mwaka 2012 mtandao wa watafiti wa Cochrane ulikusanya majaribio 10 yenye washiriki 577, ukaona ushahidi hautoshi kuupendekeza mdalasini kama tiba. Mimi naukubali uamuzi huo.

Basi utumie kama kiungo, na utazame unachonunua. Kijiti cha mdalasini wa asili ya Sri Lanka kina matabaka mengi membamba yaliyokunjana, na huvunjika kirahisi. Kasia, aina nyingine ya mdalasini, ni gome moja nene na gumu. Kasia ina kumarini nyingi, kemikali inayoweza kuumiza ini. Taasisi ya Ujerumani inayotathmini usalama wa vyakula inashauri mtu wa kilo 60 anayeitumia kila siku asizidishe gramu 2. Unga uliokwisha kusagwa haukuonyeshi ni wa gome lipi, kwa hiyo nunua vijiti usage mwenyewe. Mafuta ya karafuu usinywe kabisa, na mtoto asiyaguse: yanaweza kuharibu ini. Na chai ya mdalasini yenye vijiko vitatu vya sukari haimsaidii mgonjwa wa kisukari hata kidogo.

Hatari kubwa zaidi ni mbili. Ya kwanza ni kuchanganya mitishamba mikali na dawa za kushusha sukari kama insulini au glibenklamidi, sukari ikashuka kupita kiasi. Ukianza kutetemeka, kutokwa na kijasho chembamba, kuona njaa ya ghafla au kuchanganyikiwa, na kipimo kikisoma chini ya 4 (mmol/L), kunywa maji yenye vijiko vinne vya chai vya sukari, upime tena baada ya dakika 15. Huna kipimo? Kunywa hivyo hivyo. Aliyepoteza fahamu asitiwe kitu mdomoni, akimbizwe hospitali.

Ya pili ni kuacha dawa kwa kuamini umepona. Mwaka 2011 maelfu walipanga foleni Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha dawa ya mitishamba cha shilingi 500 cha Mchungaji Ambilikile Mwasapile, kilichosemwa kuponya kisukari pamoja na magonjwa mengine sugu. Kisukari hakikuondoka nchini, na sukari iliyopanda haina maumivu ya kukuonya mapema: huharibu macho, figo na miguu kimya kimya.

Ndugu msomaji, kama unatumia unga au dawa yoyote ya mitishamba, siku ya kliniki, iwe hospitali ya Maweni, kituo cha afya cha Ujiji au zahanati ya jirani, ichukue pamoja na vidonge vyako umwonyeshe daktari au muuguzi. Usione haya. Na usipunguze hata kidonge kimoja kabla hajakuambia.